Njia Nyeupe nayo ina mjini na shamba

Juma lililopita nilipozungumzia ile mikono ya nyota ya Njia Nyeupe, nilidokeza mwishoni, tena haraka haraka kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, kwamba katikati ya galaksi yetu ni tajiri na pembezoni ni maskini. Maneno yale yameniletea kazi. Tangu siku ile nimesimamishwa kituo cha basi, nimesimamishwa duka la dawa, na swali ni lile lile: utajiri gani huo, na ni nani aliyekwenda huko akaupima? Swali ni la haki. Leo tulijibu.

Utajiri unaosemwa hapa ni wa elementi, yaani vile vitu vya asili ambavyo mkemia hawezi kuvigawanya vikawa kitu kingine: kaboni, oksijeni, kalsiamu, chuma, shaba, dhahabu na wenzao. Wataalamu wa elimu ya falaki (nao si wale wanaotabiri ndoa na biashara, tafadhali tusiwachanganye) wana desturi yao moja ya ajabu. Kila elementi iliyo nzito kuliko haidrojeni na heliamu wao huiita metali. Hewa ya oksijeni unayoivuta ni metali. Makaa ya jikoni ni metali. Mwalimu wa kemia akisikia hivyo atashika kichwa, lakini wenzetu hawa wana sababu yao. Ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ulikuwa na haidrojeni robo tatu kwa uzito, heliamu robo moja, na chembe chache za lithi. Basi. Hapakuwa na chuma, hapakuwa na chumvi, hapakuwa na kitu cha kujengea hata kokoto moja. Vyote vilivyobaki vimekuja baadaye, na vyote, kwa hesabu ya ulimwengu, ni kidogo mno. Ukichukua kilo 100 za jua letu, metali ndani yake hazizidi kilo moja na nusu hivi. Dunia tunayoikanyaga, na bahari yake, na bati za nyumba zetu, imefinyangwa kutokana na wingu lile lile lililozaa jua, na hasa kutokana na ile sehemu ndogo ya metali.

Sasa, nani amepima? Hakuna aliyekwenda. Kutoka hapa hadi katikati ya Njia Nyeupe ni kiasi cha miaka ya nuru 26,000, na mwaka mmoja wa nuru ni kilomita bilioni 9,500. Kinachofanya kazi ni mwanga wenyewe. Nyunyiza chumvi kidogo kwenye moto wa buluu wa jiko la gesi, na moto utageuka wa njano papo hapo. Njano ile ni sahihi ya sodiamu, na haina elementi nyingine inayoweza kuigushi. Kila elementi ina sahihi yake ya rangi. Mwaka 1814 Mjerumani Joseph Fraunhofer aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, akaona katika ule upinde wa rangi mistari myeusi mamia kwa mamia, asijue maana yake. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, katika mji wa Heidelberg, wakaigundua maana: kila mstari ni alama ya elementi fulani iliyopo juani. Miaka michache tu kabla ya hapo, mwaka 1835, mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alikuwa ametoa mfano wa jambo ambalo binadamu hatalijua kamwe. Mfano aliouchagua ni kemia ya nyota. Hakuishi kuona alivyosutwa. Alifariki mwaka 1857.

Kusoma sahihi ni jambo moja, kujua fedha ni kiasi gani kwenye hundi ni jambo jingine. Kazi hiyo ya pili aliifanya Cecilia Payne, binti wa Kiingereza aliyehamia Harvard, Marekani, kwa sababu kwao Cambridge mwanamke alisoma lakini digrii hakupewa. Katika tasnifu yake ya mwaka 1925 hesabu zake zilionyesha kwamba nyota ni haidrojeni kwa wingi usiomithilika. Wakati huo mabingwa wote waliamini kwamba jua limeundwa kwa mchanganyiko kama wa ardhi, chuma kikiwa kingi. Henry Norris Russell wa Princeton, mkubwa wa fani hiyo Marekani, alimshauri kwamba jambo hilo haliwezekani, na binti yule, ambaye maisha yake ya kazi yalitegemea barua ya mkubwa huyo, akaandika ndani ya tasnifu yake kwamba matokeo yale pengine si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe alifika pale pale kwa njia nyingine, akachapisha. Alimtaja Payne, hilo tumpe. Lakini kwa muda mrefu sifa zilikwenda kwake.

Baada ya hapo swali likabaki: kama mwanzo kulikuwa na haidrojeni na heliamu tu, hivi vingine vimepikwa wapi? Jibu ni ndani ya nyota. Katika kiini cha jua, kwenye joto la digrii milioni 15, haidrojeni inaungana kuwa heliamu, na ndiko anakotoka huyu mwangaza anayetuchoma mchana. Nyota kubwa kuliko jua huendelea mbele zaidi: heliamu inakuwa kaboni na oksijeni, kisha neoni, kisha silikoni, mpaka chuma. Hapo safari hukoma, kwa kuwa kuunganisha viini vya chuma hakutoi nguvu, kunakula nguvu. Nyota inakosa cha kuishikilia, inajiporomokea yenyewe, na kulipuka. Mlipuko huo huitwa supanova. Mwaka 1952 Paul Merrill aliona katika nyota fulani nyekundu sahihi ya tekineti, elementi ambayo hata aina yake inayodumu zaidi huoza nusu nzima kwa miaka kama milioni nne. Nyota zile zina umri mkubwa kuliko huo kwa mbali. Kwa hiyo tekineti ile haikurithiwa. Ilikuwa imepikwa humo humo, sufuria bado iko motoni. Miaka mitano baadaye, Margaret Burbidge, mumewe Geoffrey, William Fowler na Fred Hoyle waliandika kitabu cha mapishi karibu chote, na hadi leo wanafunzi wanaanzia hapo.

Wakubwa watakumbuka mwaka 1987. Tarehe 24 Februari wataalamu waliokuwa Chile waliona nyota mpya katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 160,000. Huku kwetu ilionekana kwa macho matupu, chini chini upande wa kusini, kwa aliyekuwa mbali na taa za mji. Mlipuko ule ulitengeneza nikeli ya aina isiyotulia, nikeli ikageuka kobalti, kobalti ikageuka chuma. Kobalti hiyo huoza nusu yake kila siku 77. Na mwanga wa nyota ile ulikuwa ukififia kwa nusu kila siku 77, mwezi baada ya mwezi, kama saa. Hesabu ikatoka: chuma kilichozaliwa pale kina uzito wa dunia yetu mara 20,000 na zaidi. Kwa mara ya kwanza watu waliona chuma kikitengenezwa, tena kwa idadi.

Dhahabu ina habari yake. Hiyo inahitaji nyutroni nyingi mno kwa sekunde chache mno, na supanova za kawaida zinaelekea hazitoshi. Tarehe 17 Agosti 2017 vipimo vya Marekani na Italia vilihisi mtikisiko wa anga uliotokana na nyota mbili za nyutroni zilizozungukana mpaka zikagongana, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Darubini zote kubwa ziligeuzwa upande huo, na ile ya Sutherland, Afrika Kusini, ikawa miongoni mwa za kwanza kuuchambua mwanga wake. Mwanga ule ulibadilika kutoka buluu kuwa mwekundu kwa siku chache, kama ilivyotabiriwa kwa wingu lililojaa elementi nzito, na mwaka 2019 sahihi ya strontiamu ikatambuliwa humo. Wapo wanaosema mgongano wa namna hii hautoshi kulipa deni lote la dhahabu ya Njia Nyeupe, na mwaka 2025 ilionyeshwa kwamba nyota yenye sumaku kali mno iliyofyatuka Desemba 2004 nayo ilitema elementi nzito. Mjadala haujafungwa. Ila dhahabu ya Geita, kwa vyovyote, ilikuwa dhahabu tayari kabla jua halijawaka. (Nyota za nyutroni, kwa njia, zina historia na pwani yetu: setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, iliyogundua nyota za namna hiyo zikinyonya gesi ya wenzake, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru.)

Haya, turudi kwenye mjini na shamba. Galaksi ya mzunguko kama yetu ni sahani ya nyota na gesi, upana wake kiasi cha miaka ya nuru 100,000. Mwaka 1942 Lawrence Aller alikuwa akichunguza mawingu ya gesi inayong'aa katika galaksi jirani iitwayo M33. Akaona jambo lisilo la kawaida: kadiri unavyotoka katikati kwenda nje, mwanga wa kijani wa oksijeni, ukilinganishwa na ule wa haidrojeni, unazidi kuwa mkali. Mtu wa kawaida angesema basi oksijeni ni nyingi huko nje. Ilichukua karibu miaka 30 hadi Leonard Searle, mwaka 1971, kuonyesha kwamba maana yake ni kinyume kabisa!

Hapa naomba tuende polepole. Oksijeni katika wingu la gesi hufanya kazi ya radieta ya gari. Inapokea joto kutoka kwa chembe zinazoigonga na kulitupa nje kwa sura ya mwanga. Pale oksijeni ilipo nyingi, radieta ni kubwa, wingu linapoa, na likishapoa chembe zake hazina tena nguvu ya kuiwasha ile rangi ya kijani. Joto linatoka kwa miale isiyoonekana kwa macho. Pale oksijeni ilipo chache, radieta ni ndogo, gesi inachemka, na oksijeni hiyo chache inawaka kijani kwa nguvu zote. Kwa hiyo ukali wa taa si dalili ya utajiri. Searle alipopiga hesabu ya joto pia, alikuta katikati ya galaksi hizo kuna oksijeni nyingi na pembezoni chache. Katika galaksi ya M101, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 20 na ushei, tofauti kati ya katikati na ukingo inazidi mara 10.

Kwetu wenyewe ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu sisi tumo ndani, na vumbi la galaksi linatuziba macho kama moshi wa jiko la kuni. Mawimbi ya redio hupenya vumbi hilo. Mwaka 1983 Peter Shaver na wenzake waliyatumia, pamoja na mwanga wa kawaida, kupima mawingu ya gesi kutoka sehemu za ndani hadi za nje, na mteremko ukaonekana. Vipimo vilivyofuata havikuubomoa: kwa wastani, kila ukisogea nje kwa miaka ya nuru kama 20,000, oksijeni inapungua kwa karibu nusu.

Kwa nini iwe hivyo? Fikirini mji wa Dar es Salaam. Kariakoo ilijengwa mapema, ikabomolewa na kujengwa tena juu ya misingi ile ile mara kadhaa, mpaka leo kiwanja kitupu hukioni. Nenda mbali kabisa pembeni, utakuta nyumba mbili tatu na shamba la mihogo. Katikati ya galaksi gesi ilirundikana mapema na kwa wingi. Gesi nzito inazaa nyota upesi. Nyota kubwa zinakufa upesi na kurudisha metali kwenye gesi. Gesi hiyo inazaa nyota za kizazi kingine, tajiri zaidi. Vizazi vimepita vingi. Huko nje gesi ni nyembamba, nyota zinazaliwa kwa kudonadona, na gesi iliyobaki bado ni nyingi na bado ni ghafi. Galaksi imejijenga kutoka ndani kwenda nje.

Maelezo haya yanapendeza, lakini yalipowekwa kwenye mizani yalikuwa na kasoro kubwa. Nyota ndogo huishi muda mrefu kuliko umri wote wa ulimwengu. Kwa maana hiyo zile ndogo zilizozaliwa mwanzoni, wakati gesi ilikuwa bado maskini, ni lazima ziwe hai hadi leo, zimetuzunguka. Miaka ya 1962 na 1963 Sidney van den Bergh na Maarten Schmidt walipiga hesabu ya ngapi zinatarajiwa, wakalinganisha na zilizopo jirani na jua. Zilikuwa chache mno. Watoto wa enzi za umaskini hawaonekani! Wamekwenda wapi?

Hawakwenda popote, hawakuzaliwa kwa wingi uliodhaniwa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba gesi yote ilikuwemo sufuriani tangu siku ya kwanza. Muuza supu ya pweza hajazi maji yote alfajiri. Anaanza na supu kidogo, inakolea chumvi mapema, kisha kadiri wateja wanavyokunywa anaongeza maji na viungo, ladha inabaki karibu ile ile hadi usiku. Njia Nyeupe nayo ilianza na gesi kidogo, ikakolea metali upesi, na gesi mpya imekuwa ikiingia kutoka nje kwa mabilioni ya miaka. Hivyo nyota nyingi zimezaliwa katika supu iliyokwisha kukolea. Na si jambo la zamani tu. Galaksi yetu bado inazaa nyota zenye uzito wa jua moja au mawili kila mwaka. Bila gesi mpya, akiba iliyomo ingekwisha baada ya miaka bilioni chache, na taa zingeanza kuzimika bila za kuzirithi.

Mtu aliyeyaunganisha mambo haya yakawa fani kamili ni Beatrice Tinsley, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia New Zealand. Aliona kwamba elementi si kipimo cha utajiri tu, ni saa. Oksijeni hutoka hasa katika nyota kubwa, ambazo hufa baada ya miaka milioni chache tu. Ni kama malori, zina tangi kubwa lakini zinakunywa mafuta bila huruma. Sehemu kubwa ya chuma, kwa upande mwingine, hutoka katika masalia ya nyota ndogo ambayo hulipuka baadaye sana, baada ya mamia ya mamilioni ya miaka au zaidi. Kwa hiyo nyota yenye oksijeni nyingi kwa kulinganisha na chuma chake ilizaliwa haraka, kabla chuma hakijachelewa kufika. Aliandika hayo mwaka 1979. Huko Texas alikokuwa akiishi alikosa ajira ya kudumu kwa miaka, ikabidi aachane na mumewe na kuwaacha watoto wake wawili ndipo apate kazi Yale, mwaka 1975. Alifariki kwa saratani ya ngozi mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 40. Kila jedwali la elementi za nyota linalochapishwa leo linasomwa kwa saa yake.

Na majedwali yako mengi. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa mwaka 2013 na kufanya kazi hadi mapema mwaka 2025, ilipima mahali na mwendo wa nyota karibu bilioni mbili, na darubini za ardhini zimesoma sahihi za kemia za mamia ya maelfu. Ndipo ikadhihirika kwamba nyota huhama. Nyota iliyozaliwa mjini inaweza kusukumwa na mikono ya galaksi, polepole, ikaishia shamba, lakini hati yake ya kuzaliwa, yaani kemia yake, haibadiliki. Jua letu lenyewe lina metali nyingi kuliko wastani wa nyota za rika lake hapa jirani. Wataalamu wengi hutafsiri kwamba lilizaliwa ndani zaidi, maelfu ya miaka ya nuru karibu na katikati, likahamia huku tulipo.

Aliyeniuliza kituo cha basi aliongeza: na sisi inatuhusu nini? Inatuhusu hivi. Uchunguzi wa nyota zaidi ya elfu moja uliochapishwa mwaka 2005 na Debra Fischer na Jeff Valenti ulionyesha kwamba sayari kubwa za aina ya Sumbula hupatikana mara nyingi zaidi kwenye nyota zenye metali nyingi. Sayari za mawe nazo zinataka silikoni, magnesiamu na chuma, na vitu hivyo havigawanywi sawa. Mwaka 2014 wataalamu wa Australia walitangaza nyota moja katika Njia Nyeupe ambayo chuma chake hakikuweza hata kuonekana. Ni pungufu ya sehemu moja kwa milioni moja ya kile cha jua. Nyota ile inadhaniwa kuzaliwa kutokana na majivu ya supanova moja tu. Ina nuru, ina joto, imeishi muda mrefu. Lakini mawe ya kutengeneza hata kisiwa kimoja cha kuizunguka, hayakuwepo.